Nani aliibomoa Roma?

Mwalimu mmoja wa historia, anayefundisha sekondari mkoani Tanga, ameniandikia kwamba anakwenda Roma na kundi la hija la parokia yake. Ratiba imejaa makanisa, na amebakiziwa siku moja na nusu ya kutembea mwenyewe. Vitabu anavyofundishia vinasema mji ule uliangushwa na makabila yaliyovamia kutoka kaskazini. Sasa anauliza: kama ni hivyo, mbona Pantheon, hekalu la kale la Kirumi, imesimama nzima na kuba lake, wakati Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo ambao umri wao haupishani hata miaka hamsini, imebomoka upande mmoja? Wavamizi walichagua? Na kwa muda huo mfupi atazame nini?

Mwalimu, salaam. Hao wavamizi tuwamalize kwanza, maana wamesingiziwa mengi. Wagoti wakiongozwa na Alariki waliingia Roma mwaka 410 BK, wakapora kwa siku tatu, wakaondoka. Wavandali walikuja 455 wakakaa wiki mbili. Hao waliondoka na mateka, dhahabu, na hata nusu ya vigae vilivyopakwa dhahabu vya hekalu la Jupita kwenye kilima cha Capitolium. Hasara ilikuwa kubwa, sibishi. Lakini mporaji mwenye haraka hubeba kinachobebeka. Kushusha jiwe la tani kadhaa kutoka ghorofa ya tatu kunataka kapi, kamba, mafahali, mafundi, na mahali pa kulipeleka jiwe lenyewe. Kunataka pia miaka. Aliyekuwa na vyote hivyo ni mwenyeji.

Ushahidi umo katika sheria zao. Mwaka 458, miaka mitatu tu baada ya Wavandali, Kaisari Majorian alipiga marufuku kubomoa majengo ya umma ya Roma. Analalamika humo kwamba maofisa wa mji wanatoa vibali kwa kisingizio cha mahitaji ya umma, kumbe mawe yanaishia kwenye nyumba za watu binafsi, na kwamba makubwa yanavunjwa ili madogo yakarabatiwe. Hakimu atakayeruhusu ubomoaji alitakiwa kulipa ratili hamsini za dhahabu. Watumishi wake watakaotii wachapwe na kukatwa mikono. Adhabu kali namna hiyo haiwekwi kwa ajili ya mgeni aliyekwisha kuondoka. Iliwalenga watu wa mjini, na haikuwazuia.

Fikiria pia hali ya mji wenyewe. Katika karne ya 2 Roma ilikuwa na watu wapatao milioni moja, wakinywa maji yaliyoletwa kwa mifereji kutoka milimani. Mwaka 537 Wagoti waliouzingira mji waliikata mifereji hiyo, na kufikia mwisho wa karne ya 6 walibaki wakazi makumi machache ya maelfu, wamebanana kwenye kona ya mto Tiber ambako maji yalipatikana. Mahekalu yalikuwa yamefungwa kwa sheria tangu mwaka 391. Kumbi za mahakama hazikuwa na kesi, mabafu hayakuwa na maji, viwanja vya michezo havikuwa na mtu wa kulipia michezo. Mji mzima wa marumaru ulikuwa umekaa bure, na waliobaki walikuwa na njaa ya vifaa vya ujenzi.

Ndiyo maana ukitaka kujua kwa nini jengo fulani la Roma limebaki na jingine limekwisha, usiulize nani alilishambulia. Uliza nani alilipata baada ya wenyewe kuliacha, na alilitumia kwa kazi gani. Mengine mawili ya kuuliza ni lilijengwaje na limekalia udongo gani. Pantheon na Colosseum zinatofautiana katika yote hayo.

Tuanze na Pantheon. Maandishi yaliyo juu ya ukumbi wake wa mbele yanasema Marko Agripa, mwana wa Lukio, aliijenga alipokuwa konsuli (cheo cha juu cha uongozi) mara ya tatu, yaani mwaka 27 KK. Usiyaamini. Jengo la Agripa liliungua mwaka 80 BK, likajengwa upya, likaungua tena mwaka 110. Lililopo leo lilianza mwishoni mwa utawala wa Trajan na kumalizwa chini ya Hadrian, mnamo mwaka 125 au baada yake kidogo. Kilichoyaumbua maandishi hayo ni matofali: viwanda vya Kirumi vilipiga mihuri kwenye matofali yao, na mihuri ya Pantheon ni ya miaka hiyo. Hadrian alirudisha tu jina la mwenye kiwanja wa kwanza, jambo ambalo wajenzi wa siku hizi hawalifanyi.

Kuba lake lina upana wa mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni mita hizohizo 43.3. Ni zege tupu, halina nondo hata moja, na hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo lililolizidi ukubwa. Siri iko kwenye kokoto. Chini kabisa mafundi walichanganya vipande vya mawe mazito. Kadiri walivyopanda walibadilisha kokoto, wakatia matofali yaliyovunjwa, na kileleni wakatia mawe ya volkano yenye matundu, mepesi kiasi cha kuelea majini. Unene nao unapungua, kutoka kama mita 6 ukutani hadi mita moja na ushei pale juu. Kileleni wameacha tundu la karibu mita 9. Mvua inaingia, ndiyo, na sakafu imeinuliwa kidogo katikati na kutobolewa vitundu vya kupitishia maji.

Zege lenyewe ni chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano, ambayo Italia inayo tele. Mchanganyiko huo hugandamana hata chini ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa kwenye ukuta wa mji mdogo wa kale wa Privernum kusini mwa Roma, ulionyesha kwamba vibonge vyeupe vya chokaa vilivyomo ndani, ambavyo zamani vilidhaniwa ni uzembe wa kukoroga, vinayeyuka maji yanapoingia kwenye ufa, kisha vinaganda upya na kuuziba. Kuba la Pantheon lina nyufa za siku nyingi, na bado limesimama.

Lakini zege zuri peke yake halikuiokoa. Mabafu ya Caracalla yalijengwa kwa zege la namna hiyohiyo na leo ni kuta tupu zisizo na paa. Kilichoiokoa Pantheon ni barua. Mwaka 609 Papa Boniface IV alimwomba Kaisari Phocas wa Konstantinopoli ampe hekalu hilo tupu, akapewa, akaligeuza Kanisa la Bikira Maria na Mashahidi. Kuanzia hapo, paa likivuja kuna padre wa kulalamika. Mwaka 663 Kaisari mwingine, Constans II, alifika Roma kama mgeni wa Papa, akavua vigae vya shaba vya kuba lote akaenda navyo. Hekalu lisilo na mwenyewe lingeanza kuoza hapo. Kanisa likaezekwa upya kwa madini ya risasi katika karne ya 8. Miaka ya 1620 Papa Urban VIII, wa ukoo wa Barberini, alichukua mihimili ya shaba ya ukumbi wa mbele akatengenezea mizinga ya ngome ya Castel Sant'Angelo. Watu wa Roma wakamtungia kijembe ambacho bado wanakisema: yale ambayo washenzi hawakuyafanya, Barberini wameyafanya. Lakini hata yeye aliweka mihimili ya mbao mahali pa ile ya shaba, kwa sababu Misa ilikuwa inaendelea ndani.

Ukifika hapo, kabla hujaingia, simama kwenye ukumbi wa mbele uweke mkono kwenye nguzo. Ziko 16, kila moja ni jiwe moja zima la granaiti, urefu karibu mita 12, uzito unakadiriwa tani 60. Zile za kijivu zilichongwa Mons Claudianus, kwenye jangwa la mashariki la Misri. Zikaburutwa zaidi ya kilomita 100 kwa nchi kavu hadi mto Nile, zikashuka kwa mashua hadi baharini, zikavuka Mediteranea, zikapandishwa mto Tiber. Zile za waridi zimetoka Aswan. Waelekezaji wengi wanakimbilia ndani kuonyesha tundu la kuba. Nguzo hizi wanazipita kama milingoti ya umeme.

Colosseum ni habari nyingine kabisa, tangu kiwanja chake. Kaisari Nero alikuwa amechimba ziwa la kujiburudisha bondeni, mbele ya jumba lake. Baada ya kifo chake Kaisari Vespasian alilikausha akaanza kujenga hapo uwanja wa umma. Mwanawe Titus akaufungua mwaka 80. Urefu wake ni mita 188, upana 156, na kimo kinakaribia 50. Kumbuka neno bonde. Upande wa kaskazini msingi umekalia ardhi ngumu zaidi. Upande wa kusini umepita juu ya tope lililoletwa na kijito cha zamani.

Na haikujengwa kama Pantheon. Ukuta wake wa nje ni matofali makubwa ya travertino, jiwe la chokaa lenye rangi ya maziwa kutoka Tivoli, yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Yalishikwa kwa vibano vya chuma vilivyozamishwa ndani ya mawe na kumiminiwa madini ya risasi. Inakadiriwa chuma kilichotumika kilifika tani 300. Kwa mjenzi wa karne ya 15 hilo ni duka. Zege la Pantheon ukilivunja unapata kifusi. Colosseum ukiifungua unapata mawe yaliyokwisha kuchongwa, yenye pembe kamili, tayari kwa kazi, na chuma juu yake.

Magladieta, wale wapiganaji wa kuburudisha watu, waliacha kupigana humo katika nusu ya kwanza ya karne ya 5, na mara ya mwisho tunayoisikia ya kuwinda wanyama ni mwaka 523. Baada ya hapo watu waliweka maduka na makazi chini ya matao, na katika karne ya 12 ukoo wa Frangipane ukaigeuza ngome. Maskini walichimba chuma. Ukisogea karibu na ukuta utaona umetoboka kila mahali, na watalii wengi hudhani ni alama za risasi za bunduki. Tazama vizuri matundu yalivyokaa: mengi yako kwenye maungio, pale jiwe linapokutana na jiwe. Waliotoboa walijua hasa kibano kilipo.

Kisha, Septemba 1349, tetemeko la ardhi likaupiga upande uliokaa juu ya tope. Ukuta wa nje wa kusini ukaanguka, ukaacha mlima wa travertino chini. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, Mwalimu: upande mmoja ulitangulia kuanguka kwa sababu ya udongo, lakini kilichoanguka kingeweza kurudishwa, au angalau kuachwa pale. Kilibebwa. Kwa zaidi ya miaka mia tatu Colosseum ilikuwa machimbo yenye vibali. Katika mwaka 1452 pekee, zama za Papa Nicholas V, mkandarasi mmoja alitoa mikokoteni 2,522 ya mawe. Travertino hiyo iko katika majumba ya Palazzo Venezia na Palazzo della Cancelleria, iko katika Basilika la Mtakatifu Petro lenyewe, utakalokwenda kusali.

Nani alisimamisha? Dini tena. Katikati ya karne ya 18 Papa Benedict XIV aliiweka Colosseum wakfu kwa kumbukumbu ya mashahidi na kuweka vituo vya Njia ya Msalaba ndani yake. Wanahistoria wanabishana sana kama Wakristo waliuawa humo hasa, na ushahidi wa moja kwa moja ni haba. Ila wakfu ule ulifanya kazi ambayo sheria ya Majorian haikuiweza: uwanja ukapata kazi, na aliyegusa jiwe sasa alikuwa anaiba kanisani. Ijumaa Kuu Mapapa bado huongoza Njia ya Msalaba pale.

Kuna sehemu moja ya Colosseum ambayo ningekusihi usiiache, ingawa haina foleni. Tetemeko jingine mwaka 1806 lilipasua ncha ya mashariki ya ukuta wa nje, ikawa inataka kwenda. Wengine walipendekeza iangushwe tu, iwe salama. Mhandisi Raffaele Stern akakataa. Alijenga nguzo kubwa ya matofali kuegemeza ukuta, na matao yaliyokuwa tayari yanaachana akayaziba kwa matofali vilevile yalivyo. Simama kwa nje, mashariki, uinue macho. Utaona jiwe la katikati ya tao, lile linalokaza mengine, limekwisha kuteleza chini ya wenzake, na mawe ya pembeni yameinama, yote yameshikwa na matofali mekundu katikati ya kuanguka. Miaka mia mbili na zaidi sasa. Ncha ya magharibi alikuja kuishughulikia Giuseppe Valadier miaka ya 1820, kwa ustadi zaidi na kwa sura nzuri zaidi. Mimi naipenda ya Stern.

Nikiwa bado hapo, niongeze dogo: kabla magofu hayajasafishwa, Colosseum ilikuwa kichaka. Mwaka 1855 daktari mmoja wa Kiingereza, Richard Deakin, alichapisha orodha ya aina 420 za mimea aliyoikuta imeota humo. Baada ya Italia kuungana, wataalamu wakang'oa yote kulinda mawe.

Sasa kuna upotevu mmoja mbaya kuliko wa mikokoteni, kwa sababu ule wa mikokoteni unaweza kuufuata ukajua jiwe lilikwenda wapi. Wewe wa Tanga chokaa unaijua. Kuta za magofu ya Tongoni zimejengwa kwa matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe mengine juu ya rundo la magogo. Marumaru ni jiwe la aina hiyohiyo kwa tabia: ukilipasha joto la nyuzi kama 900, linageuka chokaa. Roma haina matumbawe, ila ilikuwa na sanamu. Kwa karne nyingi katikati ya Forum, uwanja mkuu wa mji wa kale, na kandokando yake kulikuwa na matanuu yakichoma vigae vya marumaru, vichwa vya nguzo, maandishi, miungu na makaisari. Mnamo 1519 mchoraji Raphael aliandika waraka kwa Papa Leo X akilia kwamba Roma hii mpya unayoiona, na uzuri wake wote, imeungwa kwa chokaa ya marumaru za kale. Alikuwa anajua anachosema: miaka michache nyuma Papa huyohuyo alikuwa amempa jukumu la kukagua mawe ya kale yanayofaa kwa ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro. Raphael amezikwa ndani ya Pantheon.

Ndiyo sababu magofu ya Roma yanaonekana ya matofali mekundu na zege, hata watu wakadhani ndivyo mji ulivyokuwa. Unachokiona ni mifupa. Ngozi ya marumaru ilivuliwa ikaingia tanuuni.

Forum, lile bonde lililokuwa moyo wa dola, ukiingia bila maelezo utaona vurugu ya mawe na utachoka upesi. Tafuta vitu vitatu tu. Cha kwanza ni hekalu la Antoninus na Faustina, lililojengwa mwaka 141. Nguzo zake zina urefu wa mita 17, na karibu na juu zina mikwaruzo mirefu ya mshazari iliyokatwa ndani ya jiwe: mtu alifunga kamba humo akajaribu kuziangusha, zikamshinda. Nyuma yake kuna kanisa la San Lorenzo in Miranda lililoingia ndani ya hekalu, na mlango wake unaning'inia mita kadhaa hewani. Hakuna fundi aliyelewa. Kanisa lilipowekwa uso wake wa sasa, mwaka 1602, ardhi ilikuwa imefika pale mlangoni, kwa mafuriko ya Tiber na vifusi vya miaka elfu moja na ushei. Watu waliingia kwa kutembea. Forum nzima ilikuwa malisho, ikiitwa Campo Vaccino, uwanja wa ng'ombe. Wachimbaji walipoondoa udongo, mlango ukabaki juu.

Cha pili ni tao la Septimius Severus, la mwaka 203. Huyu Kaisari alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, na tao linasifu ushindi wake na wa wanawe wawili, Caracalla na Geta. Baba alipokufa, Caracalla alimuua mdogo wake akaamuru jina lake lifutwe kila mahali. Tazama mstari wa nne wa maandishi makubwa: jiwe limechimbwa kidogo, maneno mapya yamewekwa, na vitundu vya herufi za shaba za zamani havilingani na maneno yaliyopo. Wanafunzi wako watalipenda hilo kuliko tarehe zote. Severus huyo alikuwa na jengo jingine, Septizodium, uso wa ghorofa kadhaa za nguzo chini ya kilima cha Palatine. Usilitafute. Papa Sixtus V alilibomoa mwishoni mwa miaka ya 1580 akagawa mawe kwenye miradi yake.

Cha tatu ni Curia, ukumbi wa Seneti, tofali tupu, mzima kabisa. Ulikuwa kanisa tangu karne ya 7. Miaka ya 1930 serikali ya Mussolini ililiondoa kanisa hilo ili kupata ukumbi wa Kirumi, na hapa ndipo lawama inapobadilika mkono. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 Roma ilipoteza vitu vingi kwa jina la kuokoa vya kale. Mwaka 1900 kanisa la Santa Maria Liberatrice lilivunjwa ili kufukua jingine la zamani zaidi chini yake, Santa Maria Antiqua. Michoro iliyopatikana huko ni ya thamani sana, kwa hiyo hapo siwezi kununa sana. Lakini barabara pana inayotoka Colosseum hadi Piazza Venezia, iliyofunguliwa mwaka 1932 kwa ajili ya gwaride, ilifyeka mtaa mzima wa watu pamoja na kilima kidogo cha Velia, kisha ikafunika tena sehemu kubwa ya magofu yaliyokuwa yamefukuliwa. Utaipita, ni vigumu kuikwepa.

Zama hizohizo Roma ilileta jiwe kutoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1937 mnara wa Aksum, wa mita 24 hivi na umri wa miaka kama 1,700, ulichukuliwa Ethiopia ukasimamishwa karibu na Circus Maximus, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi, mbele ya jengo ambalo leo ni makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Italia ilikubali kuurudisha katika mkataba wa 1947. Ulirudi 2005, ukasimamishwa Aksum 2008.

Basi kuhusu siku yako moja na nusu. Hija yenyewe itakuonyesha Roma ya kale zaidi ya unavyodhani, kwa sababu mawe yalihamia makanisani. Mtakaposhuka Santa Maria Maggiore, ambako tangu Aprili 2025 amezikwa Papa Fransisko, kundi litakimbilia ndani. Wewe simama uwanjani mbele, chini ya nguzo ndefu yenye sanamu ya Bikira Maria. Hiyo ni nguzo pekee iliyosalia kati ya nane za Basilika la Maxentius, lile jengo la matao matatu makubwa utakaloliona Forum bila nguzo hata moja. Papa Paul V aliihamisha mwaka 1614. San Giovanni in Laterano, milango mikubwa ya shaba ya katikati ni ya Curia. Ilihamishiwa hapo katika karne ya 17. Mnara wa jiwe ulio nje ya basilika hilo ulichongwa Karnak, Misri, na ni mrefu kuliko minara yote ya namna hiyo iliyosimama duniani, mita 32. Na mkipitia kituo cha treni cha Termini mkapata nusu saa, vukeni barabara muingie Santa Maria degli Angeli. Kwa nje ni ukuta wa matofali uliochakaa. Ndani ni ukumbi mkuu wa mabafu ya Diocletian, ambao Michelangelo aliugeuza kanisa miaka ya 1560, na nguzo nane za granaiti bado ziko pale zilipowekwa na Warumi. Hakuna mahali pengine Roma utakapoelewa haraka namna hiyo bafu la umma lilikuwa kitu cha ukubwa gani. San Paolo fuori le Mura iliungua mwaka 1823 ikajengwa upya, kwa hiyo kwa jambo letu hili haina mengi.

Siku nzima iweke Colosseum na Forum. Tiketi ya Colosseum inakuingiza Forum na kilima cha Palatine pia. Inauzwa mtandaoni na huandikwa jina la mtu, basi inunue mapema ukiwa bado nyumbani na utembee na pasipoti. Ingia Colosseum asubuhi saa za kwanza, zunguka nje upande wa mashariki uone kazi ya Stern, kisha Forum kabla jua halijakuwa kali, maana kivuli ni kidogo na barabara za Kirumi ni mawe makubwa yanayoteleza. Viatu vya kanisani viache hotelini. Chupa ya maji beba moja tu. Mabomba ya chuma ya mitaani yanatoa maji safi ya bure mchana na usiku.

Nusu siku iweke Pantheon, kilomita moja na nusu tu kutoka Forum kwa miguu. Tangu Julai 2023 watalii wanalipa kiingilio. Chemchemi ya Trevi iko karibu hapo. Msongamano wake unachosha, lakini ujue maji yake bado yanaletwa na Aqua Virgo, mfereji uliojengwa na Agripa yuleyule mwaka 19 KK, kwa sehemu kubwa chini ya ardhi. Kama kiongozi wa kundi anaweza kupanga, muulizeni kuhusu Misa ya Jumapili ndani ya Pantheon: wanaokuja kusali hawalipi, na siku ya Pentekoste, Misa ikiisha, wazimamoto humwaga petali za waridi kupitia lile tundu la kuba. Siku hiyo fikeni mapema sana, watu hufurika hadi nje.